Vidonge Vilivyoishia Mlangoni mwa Kambi

Mume wangu alikuwa kiungo. Naanza na hilo kwa sababu asiyelielewa hataelewa kwa nini ugonjwa ambao ungetibiwa kwa miezi minane ulituchukua zaidi ya mwaka mzima. Kiungo husimama katikati ya uwanja, hupokea mpira kwa mabeki na kuwapelekea washambuliaji, na timu ikielemewa yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa. Kalisto aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika timu ya shirika moja la umma huko Dar es Salaam, akilipwa mshahara wa karani ingawa hakuwahi kushika faili. Huko alijifunza jambo moja lililomfaa uwanjani na nusura limuue nyumbani: kwamba mtu akiumia anyamaze, maana akisema atatolewa nje, na atakayeingia badala yake huenda asitoke tena.

Ninaandika kwa ajili ya wake, waume na akina mama wanaokaa leo kwenye mabenchi ya kliniki za kifua wakiwa na hasira ambayo hawajui waielekeze kwa nani. Habari za vijidudu wataelezwa na wauguzi, ambao wanazijua. Mimi nitaeleza yale ambayo hakuna aliyenieleza, na hasa hili: mgonjwa anaweza kupendwa, kulishwa, kuombewa na kupewa dawa nzuri, na bado akaangushwa na desturi ya kazi yake.

Serikali ilipoanza kuyapunguza mashirika yake, timu ya shirika ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuvunjwa. Hakukuwa na sherehe. Wachezaji walikabidhi jezi stoo kama wanaorudisha majembe, na Kalisto, ambaye watu wa mikoa mitatu walikuwa wakimtaja kwa jina katika vijiwe vya kahawa, akapanda lori kurudi Sumbawanga. Mimi nilikwisha kuhamishiwa huku kufundisha sekondari, na tulikuwa na nyumba ya kupanga pale Majengo pamoja na binti yetu Felista.

Ilikuwa miaka ambayo maduka yalianza kujaa. Mitumba, sabuni, betri na mafuta ya kupikia vilipita Kasesya, mpakani na Zambia, kwenye malori, na wenye malori wakawa watu wakubwa wa mji. Mmoja wao, Sabas, alikuwa amechukua uenyekiti wa klabu ya mtaa wetu. Alimfuata Kalisto nyumbani kabla hata hajafungua mizigo, akampa timu. Kalisto aliitwa meneja, lakini umeneja huo ulikuwa ni kila kitu: kufundisha, kupanga kikosi, kutafuta usafiri, kununua vitunguu vya kambini na kusuluhisha ugomvi wa viatu. Alifurahi. Nilimwona akirudi kuwa mtu, na ndiyo maana kikohozi kilipoanza sikuwa peke yangu katika kukifumbia macho. Mji mzima ulikuwa ukimtaka mzima.

Kikohozi kilikuja mvua zilipokuwa zikiisha. Tulikiita vumbi. Wakati wa kuvuna ulezi tulikiita upepo, na upepo wa Ufipa unajulikana, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Baridi ilipokolea alikuwa anatokwa jasho kitandani kama aliyemwagiwa maji, huku mimi niliye pembeni yake nikitetemeka chini ya mablanketi mawili. Suruali zake za michezo zilihitaji kamba. Mapaja yaliyokuwa fahari yake yalilegea, na alianza kuvaa soksi ndefu hata nyumbani ili nisiyaone.

Nilimpeleka kupimwa makohozi kwa kumwambia kwamba mimi ndiye ninayeumwa na ninahitaji mtu wa kunisindikiza. Alikasirika tulipofika, lakini alikwisha kukaa kwenye benchi, na Kalisto hajui kuondoka kwenye benchi bila ruhusa. Majibu yalikuwa kifua kikuu.

Matibabu ya wakati ule yalikuwa na vipande viwili. Cha kwanza kilitaka mgonjwa afike kliniki kila asubuhi, ameze vidonge mbele ya muuguzi na kufungua kinywa kuthibitisha. Cha pili, kirefu zaidi, kilimruhusu kuchukua dawa na kumezea nyumbani. Muuguzi wetu, Sista Edita, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na alitueleza bila kutuficha.

"Kocha, mkojo wako utakuwa mwekundu. Usiogope, si damu, ni dawa. Kitakachokusumbua ni kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Kupata nafuu. Hapo ndipo wanaume wengi wananikimbia."

Kalisto alicheka. Alisema hajawahi kukimbia mechi kabla ya filimbi.

Asubuhi zile za kipupwe tulikaa nje ya kliniki, tukiegemea ukuta wa upande wa mashariki kwa sababu jua lilifika pale kwanza. Kulikuwa na utaratibu usioandikwa: mgonjwa mpya hupewa sehemu yenye jua, na wazoefu husogea kivulini. Sijasahau ukarimu ule. Watu walikuwa hawana hata nguvu za kusalimiana, lakini walisogea.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Wifi yangu alikuja kutoka kijijini Mollo na kikombe chake ndani ya mkoba. Alikitoa chai ilipomiminwa, akakiweka mezani. Kisha akaanza kuuliza maswali ya kuzunguka kuhusu maisha ya wachezaji huko Dar es Salaam na wanawake wanaowafuata hotelini. Nilielewa ugonjwa gani aliokuwa akiufikiria. Mji mzima uliufikiria huohuo. Tulipima sote wawili na hatukuwa nao, lakini habari hiyo hakuna aliyejisumbua kuisambaza. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja naye, alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha Kalisto kilichobaki nusu na kukinywa chote. Kisha akamwambia binti yake, "Haya, na wewe maliza chako, tuwahi gari."

Baada ya miezi miwili Kalisto alinenepa. Kikohozi kilikoma, na jioni moja alirudi kutoka mazoezini akiwa amekimbia na wachezaji, uso umemeremeta. Alisema maneno niliyokuja kuyachukia: "Tunaongoza mbili bila." Nilimjibu kwamba mechi bado. Alisema anajua, yeye ndiye mwalimu wa mpira humu ndani.

Kisha timu ikaingia kambini.

Hapa lazima nieleze desturi yenyewe kwa wasioijua. Timu zetu zikikaribia mechi kubwa hufungiwa mahali pamoja, na humo ndani kuna kamati inayoitwa ya ufundi, ingawa haina habari na ufundi wa mpira. Kazi yake ni kuhakikisha wapinzani hawapenyezi kitu cha kuwadhuru wachezaji. Kalisto, msomaji wa magazeti na mwenye cheti cha ukocha, hakuamini ushirikina hata kidogo, aliamini nidhamu. Kwa hiyo alichukua woga wa kamati akaugeuza kuwa sheria kali kuliko walivyoomba wenyewe: atakayeingia hatoki, na baada ya siku ya kwanza hakuna chakula, kinywaji wala kifurushi chochote kutoka nje kitakachopita mlangoni. Na kwa kuwa kiongozi ni mfano, siku ya kuingia yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaguliwa. Mbele ya wachezaji wote alifungua begi. Vidonge havikuwemo. Alikuwa ameviacha juu ya kabati langu, kwa sababu angeulizwa ni vya nini, na klabu nzima ilikuwa imeambiwa kwamba kocha aliingiwa na baridi tu.

Nilivikuta siku ya nne, nilipotoka kazini. Nilivifunga kwenye kitambaa na kwenda kwenye ghala moja la Sabas walikolala. Mlangoni alikaa Mzee Pius, mjumbe wa kamati, amejifunika koti la kijeshi la mtumba.

"Shikamoo, Mzee Pius."

"Marahaba, Mwalimu. Umepotea njia?"

"Nimemletea Kocha dawa zake."

"Dawa ya nini?"

"Ya kifua."

"Kifua tunaye mtaalamu humu ndani."

"Hii ni ya hospitali, mzee wangu."

"Ya hospitali, ya kanisani, ya sokoni, haipiti. Hata chumvi tuliingiza siku ya kwanza, hatuongezi. Wale jamaa wana mikono mirefu. Juzi walitaka kupitisha ndizi."

"Ndizi zilikuwa na nini?"

"Hatukungoja kujua. Tulimpa mbuzi."

"Na mbuzi akafanyaje?"

"Alizila," alisema kwa huzuni. "Lakini mbuzi hachezi mpira."

Nilimwambia kwamba mgonjwa ni mume wangu. Alinitazama kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionichoma.

"Na sheria ni ya mumeo, Mwalimu. Mimi nilitaka akina mama mruhusiwe kuleta hata uji. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema huko Dar waliwahi kufungwa mechi kwa sababu ya uji."

Nilikataa kuondoka mpaka aitwe. Kalisto alikuja hadi kwenye uzio. Nyuma yake wachezaji walikuwa wameacha kufua jezi, wanatutazama. Gaudensi, nahodha wake, kiungo kama yeye, aliyelala naye chumba kimoja ili wapange mechi, alinipungia mkono na kusema, "Mama, usimwibe Kocha wetu." Wenzake wakacheka.

"Meza mbele yangu, nami niende," nilisema.

"Mama Felista, usiniaibishe."

"Sista Edita alisemaje?"

"Nikimeza, wataniuliza. Nikiwajibu, nusu yao wanahama kesho. Mechi ni Jumapili."

"Na baada ya Jumapili?"

"Kuna nyingine. Kifua kimepona, si uliniona nikikimbia?"

Aliongea akitabasamu, kwa ajili ya waliokuwa nyuma yake. Nilirudi nyumbani na kitambaa changu mkononi.

Kila aliyenisikia alinishauri nivumilie. Sabas aliniambia, "Shemeji, mwache afanye kazi, mwanaume akikaa bure ndipo anapougua." Katekista aliniambia niombe. Mama mkwe peke yake ndiye aliyefunga safari kwenda kwenye uzio ule kwa miguu, na yeye pia akarudishwa, kwa heshima zote, akiwa amepewa kiti na maji. Sista Edita alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi siwezi kuruka uzio kumfuata mtu mzima. Mlete. Nitamngoja." Nilisimama pale nikiwa na hasira na mwanamke pekee aliyekuwa akisema kweli.

Kambi ilipita mwezi mmoja, ikakaribia kumaliza wa pili, kwa sababu timu ilikuwa inashinda. Huo ndio msiba wenyewe. Kila ushindi ulithibitisha sheria. Walichukua ubingwa wa mkoa, mji ukapiga honi, na Mzee Pius akabebwa begani pamoja na kocha. Nilimwona Kalisto pale juu, shingo imekuwa nyembamba tena, akikohoa ndani ya skafu ya klabu.

Mvua za kwanza ziliponyesha walikwenda Mbeya kucheza na mabingwa wa mikoa mingine. Huko, kipindi cha pili, Kalisto alisimama kuwapigia kelele mabeki wake, na badala ya sauti ikatoka damu. Walimrudisha katika lori la Sabas, juu ya marobota ya nguo, kwa barabara ambayo wakati wa mvua haikuwa barabara. Alipoteremshwa Majengo alikuwa mwepesi kiasi kwamba Felista, aliyekuwa bado shule ya msingi, alimshika upande mmoja, nami upande wa pili, na hatukuhitaji mtu wa tatu.

Tulianza upya. Kuanza upya hakufanani na kuanza. Mwili unakumbuka, na wauguzi wanakutazama kama mwanafunzi aliyerudia darasa. Safari hii kulikuwa na sindano kila siku, upande huu leo na upande ule kesho, mpaka akawa hawezi kukaa. Majirani walipanda mahindi, wakapalilia, yakafika magotini, nasi bado tunakwenda sindano. Shamba letu la Mollo lilipandwa na mama mkwe peke yake. Nilikuwa nikisahihisha madaftari kwenye benchi la kliniki, na wanafunzi wangu walilalamika kwamba kurasa zina harufu ya dawa.

Sindano zilifanya kazi yake, na zilidai malipo. Masikio ya Kalisto yalianza kuvuma. Kwanza alidhani ni inzi, akawa anamtafuta chumbani. Kisha sauti nyembamba zikaanza kumpotea: filimbi, ndege, binti yake akimwita kutoka uani. Halafu mizani ya mwili ikavurugika. Yule aliyekuwa akizunguka na mpira katikati ya watu watatu bila kuyumba alitembea barabara ya Majengo akishika kuta, na watoto wakamcheka wakidhani amelewa. Daktari alipunguza dawa hiyo, lakini kilichokwenda hakikurudi chote. Nilimkuta siku moja uani amesimama kwa mguu mmoja, mikono imenyooshwa, akijaribu. Alianguka. Akasimama tena, akajaribu tena, na sikutoka kumsaidia kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu wakati huo ilikuwa ndiyo iliyonisimamisha mimi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini. Tulikuwa ukutani, juani, tukingoja.

"Ungewaambia tu," nilisema. "Una ugonjwa, unatibiwa, unapona. Basi."

Alinigeuzia sikio zuri, nikarudia.

"Mimi nimeona wachezaji wakitolewa machela," alisema. "Watu hupiga makofi. Kisha wanaangalia nani anaingia."

Sikuridhika na jibu hilo, na sijaridhika nalo hadi leo. Lakini tangu hapo hakukosa asubuhi hata moja. Mvua zilikatika, ulezi ukavunwa, kipupwe kikaja na upepo wake, na siku ikafika Sista Edita akamwambia kwamba dawa zimekwisha, makohozi ni safi, aende nyumbani. Hakuna aliyepiga makofi. Tulinunua nyama, tukala.

Wiki hiyohiyo kamati ilikuja. Sabas alitangulia, amevaa suti ya mtumba iliyomkaa vizuri, nyuma yake Mzee Pius na Gaudensi nahodha. Nilileta chai. Waliinywa katika vikombe vyetu, na nilitambua hilo.

"Kocha, msimu umefika," alisema Sabas. "Tulijaribu kijana mmoja kutoka Mbeya, hajui kitu. Jumatatu tunaingia kambini. Kila kitu kitakuwa kama mwaka jana."

"Kama mwaka jana," alisema Mzee Pius. "Sheria ileile."

Kalisto alikuwa akitazama midomo yao. Nilimjua, mkono wake ulikwisha kuanza kuchora mpangilio wa kikosi kwenye meza. Nilikuwa najiandaa kusema kitu ambacho kingeivunja nyumba yetu, ndipo Gaudensi akakohoa. Alikohoa akigeukia ukutani, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua, na alipomaliza akafuta mdomo na kukitazama kitambaa kabla ya kukikunja. Mume wangu hakusikia. Mimi nilisikia. Nilimshika bega Kalisto, nikamsemea sikioni.

Aligeuka akamtazama kijana wake kwa mara ya kwanza tangu waingie. Alitazama kola ya shati iliyopwaya, kisha mikono.

"Unakohoa tangu lini?"

"Vumbi tu, Kocha."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu mvua."

"Jasho usiku?"

Gaudensi alimtazama Sabas.

"Tulilala chumba kimoja," alisema Kalisto. Hakuwa anamwambia mtu. Kisha akamwelekea Sabas. "Sikuumwa baridi mwaka jana. Niliumwa TB, na niliacha kumeza dawa nikiwa ndani ya kambi yako, kwa sheria yangu. Nitarudi kama mlango utapitisha dawa, na kama huyu atatoka kila asubuhi kwenda kliniki."

Mzee Pius aliweka kikombe chini polepole sana.

"Kocha, unataka tufungwe," alisema Sabas.

"Inawezekana tutafungwa."

"Mlango ukifunguliwa kwa mmoja umefunguliwa kwa wote. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Nilifundisha vibaya."

Walikaa kidogo zaidi kwa adabu, wakazungumzia bei ya mahindi, wakaondoka. Timu ilipewa mtu mwingine, na mwaka ule nayo ilishinda. Siwezi kuandika vinginevyo kwa ajili ya kumpendeza msomaji. Kalisto hakuitwa tena na klabu yoyote. Wapo wanaomlaumu kwa kuwaambukiza wachezaji, na wapo, pamoja na wifi yangu, wanaonilaumu mimi kwa kumfanya aseme. Bado ninakasirika ninapopita lile ghala. Hasira hiyo haikuisha na vidonge, na sitamdanganya mwenzangu aliye kwenye benchi kwamba itaisha.

Asubuhi iliyofuata ujio ule wa kamati, Kalisto aliondoka akishika kuta, akampitia Gaudensi kwake. Majibu yakawa tuliyoyajua. Tangu hapo walikwenda pamoja kila siku, na mara ya kwanza nilipopata nafasi ya kuwafuata niliwakuta ukutani: kijana kwenye jua, mume wangu kivulini. Sista Edita alitoka na trei yake, akashangaa.

"Kocha, wewe si ulimaliza?"

Hakumsikia. Gaudensi alimgusa mkono, naye muuguzi akarudia kwa sauti.

"Nimemaliza," alisema Kalisto, macho yake yakiwa kwenye mdomo wa Gaudensi. "Nangoja huyu ameze."